Mgonjwa Akitibiwa, Nyumba Yake Inakula Nini?

Mhadhara uliotolewa Tunda, teritwari ya Kibombo, jimbo la Maniema

Hapa Tunda kazi ya kutibu watu, tangu misheni ya Kimethodisti ilipoanza hapa miaka ya 1920, imekuwa jambo la kila siku. Kwa sababu hiyo sikuja kuwafundisha habari za tiba. Kusudi langu ni kuzungumza juu ya jambo linaloanza pale tiba inapoanza, nalo halina daktari wake: riziki ya mtu ambaye ugonjwa mrefu umemtoa kazini. Nitatetea neno moja tu. Mtu huyu anadai haki, haombi sadaka. Na dai lake linapaswa kuanza kwenye kitanda cha hospitali, siku ambayo daktari anaona kwamba ugonjwa hautaisha kwa wiki mbili. Likisubiri mpaka nguvu na akiba vimekwisha, kwa kawaida limekwisha kupotea.

Hoja ya kwanza: kumtunza mgonjwa ni zaidi ya kumpa dawa, na ushahidi umetoka hapa hapa. Mwezi wa Oktoba 2022, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia ya Kinshasa, yaani INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikishirikiana na taasisi ya Marekani inayoshughulikia maradhi ya kuambukiza, ilianza jaribio la dawa ya tekovirimati kwa wagonjwa wa mpox. Hospitali zilizochaguliwa zilikuwa mbili: Tunda, na Kole katika Sankuru. Walishiriki watu 597, watoto na wakubwa, na kila mmoja alilazwa siku zisizopungua 14. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa yenyewe haikufupisha muda wa vidonda. Lakini katika wagonjwa wote wa jaribio, waliopewa dawa na wasiopewa, waliofariki walikuwa 1.7 kwa mia, wakati kiwango kilichokuwa kikitajwa kwa wagonjwa wa mpox nchini kilikuwa 3.6 kwa mia au zaidi. Watafiti wenyewe walisema kwamba kulazwa na kuhudumiwa vizuri kulichangia. Tulitazame neno hili kwa makini, kwa kuwa ni heshima kwa wauguzi waliokaa humu ukumbini, na ni fundisho kwetu sisi wengine. Chakula, maji safi, kitanda, jicho la muuguzi usiku na mchana: hayo yaliokoa watu pale ambapo dawa mpya haikutimiza lililotarajiwa. Sasa ninauliza: yule mama aliyelala siku 14 au zaidi, shamba lake la mpunga lilipaliliwa na nani? Watoto waliobaki nyumbani walikula kwa mkono wa nani? Matunzo yaliyomwokoa yalimfikia yeye akiwa kitandani, na nyumba yake ilibaki nje ya hesabu. Kama matunzo ni sehemu ya tiba, basi riziki ya nyumba nayo ni sehemu ya tiba, maana mgonjwa anayejua kwamba watoto wake hawajala hutoroka hospitali kabla ya kupona.

Hoja ya pili inahusu sheria, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa ndipo penye mali nyingi iliyofichika. Watu wengi wanaamini kwamba Kongo haina chochote kwa mfanyakazi mgonjwa. Si kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inaahidi mfanyakazi malipo ya kumwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima ya mtu, yakikamilishwa na njia nyingine za ulinzi wa jamii. Na kifungu cha 49 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakwenda karibu zaidi na chungu cha jikoni. Mfanyakazi mwenye mkataba akiugua, mkataba husimama tu, haufi. Wakati umesimama, mwajiri anapaswa kumlipa theluthi mbili za mshahara wake wa fedha pamoja na posho zote za familia, na kugharimia matibabu yake na ya jamaa yake. Tuseme mlinzi wa duka analipwa franka 300,000 kwa mwezi. Akilazwa, anastahili franka 200,000 kila mwezi hata kama hajakanyaga kazini. Ni deni, sawa na deni la mshahara wa mwezi aliofanya kazi. Mwajiri anayempa franka 20,000 na kumwambia ashukuru hajampa msaada. Amemkata franka 180,000 zilizo zake.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa nyuma. Ikipita miezi sita mfululizo ya kushindwa kazi, na ugonjwa hautokani na kazi, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kumlipa fidia ya notisi. Miezi sita. Wauguzi wa kifua kikuu watanielewa haraka: tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita vilevile. Dawa ni za bure katika mpango wa taifa, na nchi yetu ni moja ya zile 30 zilizolemewa zaidi na ugonjwa huo duniani. Kwa hiyo mfanyakazi mtiifu, anayemeza vidonge vyake kila siku bila kuruka, anamaliza tiba wakati ule ule mwajiri wake anapopata ruhusa ya kumwachisha. Akikutwa na tatizo dogo tu, dawa zikachelewa kufika au mwili ukakawia kurudisha nguvu, anapona hali hana kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mkakati wake wa kumaliza kifua kikuu, liliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2020 pasiwe na nyumba hata moja inayoangushwa na gharama za ugonjwa huo, nalo linahesabu nyumba kuwa imeanguka pale gharama, pamoja na mapato yaliyopotea, zinapofika sehemu moja ya tano ya mapato ya mwaka. Mapato yaliyopotea yamo katika hesabu hiyo. Dawa ya bure peke yake haimtoi mtu katika anguko hilo.

Baada ya miezi sita, je, kuna nini? Kuna Mfuko wa Taifa wa Ulinzi wa Jamii, CNSS, ambao wazee wanaufahamu zaidi kwa jina la zamani, INSS, lililoanza na amri ya tarehe 29 Juni 1961. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayouongoza leo. Mchango ni 18 kwa mia ya mshahara: mwajiri 13, mfanyakazi 5. Kwa mlinzi wetu wa franka 300,000, hiyo ni franka 54,000 kila mwezi, na kati ya hizo 15,000 zinatoka mfukoni mwake. Mfuko una matawi matatu: pensheni, posho za familia, na ajali na maradhi ya kazi. Ndani ya pensheni kuna pensheni ya ulemavu, kwa mtu ambaye ugonjwa usio wa kazi umemwondolea daima sehemu kubwa ya uwezo wake wa kujipatia riziki, mradi awe ameandikishwa na kuchangiwa kwa muda uliowekwa. Sasa angalieni shimo lilipo. Tawi la fedha za ugonjwa wa kawaida, yaani malipo kwa mtu ambaye ni mgonjwa kwa mwaka mmoja lakini si mlemavu wa daima, halipo. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Mkataba namba 102 wenye matawi tisa ya ulinzi wa jamii. Zaire iliuridhia mwaka 1987, ikapokea uzee, familia, ulemavu na warithi. Posho ya ugonjwa haikuipokea. Uamuzi huo wa karibu miaka 40 iliyopita ndio unaomwacha mtu leo kati ya mwezi wa saba na siku ile daktari mshauri wa mfuko atakapokubali kwamba hatapona tena. Katikati hapo hana mwajiri, hana pensheni, na anaambiwa bado ana tumaini la kupona. Tumaini hilo ni jema, lakini halinunui mihogo.

Neno la pembeni kwa wauguzi, nalo ni zito. Ugonjwa ukitokana na kazi yenyewe, hesabu yote inabadilika: kile kibali cha miezi sita hakimhusu mgonjwa huyo, na tawi la maradhi ya kazi, linalochangiwa na mwajiri peke yake kwa 1.5 kwa mia, ndilo linalobeba mzigo. Kwa hiyo muuguzi aliyeambukizwa akihudumia wagonjwa asikubali kuandikiwa tu kwamba ana homa. Aombe iandikwe alikuwa zamu gani, chumba gani, tarehe gani. Mfano wa kukosa maandishi ni wachimbaji wa kasiteriti, madini ya bati, wa Kalima: tangu enzi za kampuni ya Symétain iliyoanza mwaka 1932 mpaka SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, walivuta vumbi la mawe miaka mingi. Kampuni ilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa wafanyakazi wake walibaki wakidai hesabu zao za mwisho, na mtu ambaye karatasi za kazi na za hospitali zimepotea pamoja na kampuni hana wa kumwonyesha kifua chake.

Hoja ya tatu: haki hizi zinakufa mikononi mwetu kwa kukosa maandishi ya siku za kwanza. Dai la mgonjwa linasimama juu ya mambo matatu: kwamba alikuwa kazini, kwamba aliugua tangu tarehe fulani, na kwamba daktari alimkataza kufanya kazi kwa muda fulani. La kwanza lathibitishwa na mkataba, karatasi ya mshahara au namba ya CNSS. Mengine mawili yanathibitishwa na hospitali tu. Mgonjwa akitoka na kijitabu kilichoandikwa majina ya dawa bila neno lolote juu ya kazi, miezi minane baadaye mwajiri atasema mtu huyu aliacha kazi mwenyewe, na mkaguzi wa kazi hatakuwa na cha kushika. Ndugu zangu wa hospitali, hati ya nusu ukurasa yenye tarehe, muhuri na maneno «hawezi kazi tangu siku hii hadi siku hii» ina thamani ya theluthi mbili za mshahara wa miezi sita. Kwa mlinzi wetu ni franka 1,200,000. Hakuna dawa katika famasia yenu inayoleta fedha nyingi hivyo nyumbani kwa mgonjwa.

Najua pingamizi litakalofuata, nami nalipokea kwa heshima kwa sababu ni la kweli: hapa Tunda wenye mkataba ni wachache. Wengi ni wakulima wa mpunga, mihogo na mahindi, wakamuaji wa mawese, waendesha pikipiki na baiskeli wanaobeba mizigo kwenda Kibombo na Kindu, wavuvi, wauzaji wa soko. Hata walimu, wako wasiokuwa katika orodha ya malipo ya serikali, wanaishi kwa mchango wa wazazi. Basi sheria hizi zina faida gani kwao? Jibu langu la kwanza ni kwamba uchache wa wenye haki hauwi sababu ya kuwanyang'anya hao wachache. Shule za makanisa, mashirika, hospitali, kampuni za simu, maduka ya wafanyabiashara wakubwa, wote hao huajiri watu. Na mlinzi anayepokea theluthi zake mbili ni mtu mmoja asiyekwenda kukopa kwa mjomba mkulima. Lakini jibu kubwa zaidi ni hoja yangu ya nne.

Hoja ya nne: kwa asiye na mwajiri, haki ile ile inabidi ijengwe kwa mkono wa jamii, na njia imekwisha kufunguliwa. Bwamanda, kule kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, ilianzisha mwaka 1986 bima ya kulazwa hospitali kwa wakulima. Waliokuwa wakiiendesha walielewa jambo ambalo maofisa wengi hawalielewi mpaka leo: mkulima ana fedha wakati wa kuuza mazao, hana wakati mwingine. Mchango ulikusanywa katika majira hayo, mara moja kwa mwaka, na hospitali ya wilaya ikapata watu wanaokuja mapema badala ya kuja wakiwa wamebebwa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya mituweli, yaani vyama vya kusaidiana, inavipa vyama vya namna hii nafasi ya kutambuliwa kisheria. Ninachoongeza mimi ni hiki: mituweli zetu nyingi zimefikiriwa kulipa bili ya hospitali tu. Zitenge fungu la pili, fungu la riziki. Mwanachama akilazwa kupita wiki mbili, nyumba yake ipokee kiasi kilichokubaliwa kila wiki, kwa fedha au kwa mchele, kwa muda usiozidi miezi mitatu, na hati ya hospitali iwe ndiyo ufunguo. Likelemba zenu tayari zinakusanya fedha kwa zamu na kuaminiana; kinachokosekana ni kanuni inayosema ugonjwa mrefu una zamu yake nje ya foleni.

Wako watakaosema jamaa inatosha, na kwamba Mwafrika haachi ndugu yake afe njaa. Ni kweli haachi. Lakini tuhesabu analipa kwa kitu gani. Mbuzi anauzwa kwa bei ya haraka. Mbegu ya mpunga inapikwa. Msichana mkubwa anatolewa shuleni ili apalilie mahali pa mama yake. Jamaa hutoa chakula cha leo kwa kukikata katika mavuno ya mwaka kesho, na ugonjwa kama mpox unaweza kulaza watu watatu wa nyumba moja kwa mkupuo, hao hao tuliotegemea wasaidiane. Undugu ni msingi, nami sitaki kuona siku utakapokuwa umekwisha. Ndiyo maana ninataka upunguziwe mzigo ambao peke yake hauwezi kuubeba.

Wengine wataogopa udanganyifu: mtu mvivu atajifanya mgonjwa apate fungu. Hofu hii inafaa katika kuandika kanuni, haifai kuwa sababu ya kutoandika. Sheria ya kazi yenyewe imeijibu kwa busara: inalipa theluthi mbili, hailipi zote, ili anayeweza kurudi kazini apate faida ya kurudi, nayo inataka daktari aseme. Muda maalumu, uchunguzi mpya kila mwezi, na wazee wa mtaa wanaomfahamu mtu, vinatosha kumzuia mdanganyifu. Gharama ya kutolipa, kwa upande mwingine, ni mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha vidonge mwezi wa pili ili akabebe magunia, akikohoa kati ya wenzake, na kurudi hospitali na ugonjwa usiosikia dawa za kawaida.

Na wale wanaosema nchi haina fedha? Theluthi mbili za mshahara si fedha za serikali, na mchango wa 18 kwa mia umekatwa katika jasho la watu. Kwa wasio na mshahara, tuwatazame majirani wanaosema lugha yetu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuchangia mfuko wowote. Kenya ina malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni fedha ndogo, na huchelewa mara nyingi, lakini zimeandikwa katika bajeti, na kilichoandikwa katika bajeti kinaweza kudaiwa. Sisi tuna Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda watu wenye ulemavu. Itafika Maniema siku wabunge wa jimbo watakapoulizwa, kwa jina la sheria na kwa tarehe, wameitengea franka ngapi.

Basi nawaachia kazi tatu za miezi ijayo. Hospitali na vituo vya afya viandae mfano mmoja wa hati ya kutoweza kazi, na mgonjwa yeyote wa zaidi ya siku 14 apewe bila kuiomba, pamoja na nakala inayobaki kwenye faili. Waajiri wote wa Tunda, makanisa yakitangulia kwa kuwa yana wafanyakazi wengi, wabandike mahali pa wazi namba zao za CNSS na tarehe ya mchango wa mwisho waliolipa Kindu, ili mfanyakazi ajue kama ameandikishwa kabla hajaugua. Vyama vya wakulima navyo vikutane kabla ya mavuno ya mpunga kukubaliana juu ya fungu la riziki: kiasi gani kwa gunia, nani ashike daftari, nani amkague mshika daftari. Mama wa vyama, nyinyi mnaoendesha likelemba mnajua kuliko mimi kiasi ambacho nyumba ya hapa inaweza kutoa bila kuumia. Ningependa tuanze maswali na nyinyi, mtutajie hicho kiasi, katibu akiandike.